Yai la Kasa na Joto la Mtoto Mchanga



Leo tumekusudia kuzungumza habari ya joto la mwili, na hasa joto la mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Huenda wengine watacheka wakisikia kwamba sisi watu wa pwani twaonywa juu ya baridi. Watasema, baridi ni ya Lushoto na ya Ulaya. Huku kwetu mtu hulala dirisha wazi, na bado akaamka shingo imelowa jasho. Twawaomba wasicheke mapema. Watoto wachanga hufa kwa baridi hata katika nchi za joto, nao hufa kimya, bila kutetemeka, na mara nyingi bila kulia. Ndiyo sababu wazazi hubaki wakiulizana ni nini kilichomchukua mtoto wao.

Tuanze na kiumbe asiye mwanadamu, ili jambo lipate kueleweka. Kusini ya mto Pangani, kati ya minazi na bahari, kipo kijiji cha Ushongo. Katika mchanga wa pwani yake huzikwa mayai ya kasa. Si yote yaliyotagwa hapo. Mengine huletwa kwa chombo kutoka Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Ushongo. Zamani Maziwe kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa walikipenda sana kwa kutaga. Kisha miti ikaondoka na mawimbi yakaila ardhi, hata tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kimebaki kuwa fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa wenyewe hawakupata habari hiyo, nao waliendelea kupanda huko kutaga. Yai la kasa likikaa majini hufa, kwa kuwa kiumbe aliye ndani huvuta hewa kupitia gamba. Kwa hiyo watu wanaowahifadhi kasa wamekuwa wakiyafukua mayai yale kwa uangalifu, bila kuyageuza juu chini, na kuyazika upya Ushongo mahali pasipofikiwa na bamvua.

Sasa tazameni ajabu yake. Mama kasa hutaga mayai yapata mia moja au zaidi katika shimo moja, huyafukia, akarudi baharini, wala hayajali tena. Hayaatamii kama kuku. Kazi yote ya kuyatia joto huachiwa mchanga, kwa muda wa karibu miezi miwili. Na mchanga huo hufanya zaidi ya kuyalea, kwani ndio uamuao kama mtoto atakuwa dume au jike. Joto likiwa karibu na digrii 29 za sentigredi, hutoka madume na majike pamoja. Likipanda juu ya hapo majike huzidi, likishuka madume huzidi. Likipanda mno, mayai hufa. Hao waliohamisha mayai kutoka Maziwe, basi, hawakuchagua mahali tu. Kivuli cha mnazi au jua la wazi ni neno kubwa kwa kasa ambaye bado hajaangua.

Kuku yu mbali na kasa. Yeye hulichukua joto ndani ya mwili wake, na huwapa mayai yake kwa siku 21 bila kuchoka. Vifaranga wakiisha kuangua, kila mtoto wa kijijini amewaona wakikimbilia chini ya mbawa za mama yao jioni ikiingia au mvua ikianza. Si kwa woga tu. Kifaranga wa siku mbili hajaweza kulitunza joto lake mwenyewe. Mtenge na mama yake usiku mmoja wa mvua, na asubuhi utamkuta amekufa, ijapokuwa tumbo lake limejaa chenga.

Mwanadamu mzima huchukua joto lake popote aendapo. Liwe jua la Februari, au upepo wa kusi wa Julai, damu yake haiendi mbali na digrii 37. Ndani ya ubongo, upande wa chini, pana sehemu ndogo ipatayo lozi kwa ukubwa, nayo ndiyo mnyapara wa joto. Mwili ukipata moto, mnyapara huyo huamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Ukipoa, huamuru mishipa ifungwe na misuli itetemeke, kwa maana misuli ikitetemeka hufanya joto. Habari ya jasho mwaijua kwa mtungi. Maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo kwa sababu maji kidogo hupenya udongo, hutoka nje, upepo huyakausha, na yakikauka huchukua joto la yale yaliyobaki ndani.

Mtoto mchanga ni mtungi wa namna hiyo, lakini mtungi ambao hatupendi upoe. Tumboni mwa mama alikuwa na joto kupita hata la mama yake, kwa kiasi cha nusu digrii hivi. Ghafula hutoka nje, amelowa maji ya uzazi mwili mzima, akawekwa wazi huku watu wanashughulika na mama. Maji yale hukauka juu ya ngozi yake, na yakikauka huondoka na joto lake. Asipofutwa na kufunikwa, joto la mwili wake laweza kushuka digrii mbili hata nne katika dakika ishirini za kwanza. Shirika la Afya Duniani limelieleza jambo hili kwa mfano mzuri: mtoto mchanga aliye uchi katika chumba chenye digrii 23 hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi mahali penye sifuri, yaani mahali ambapo maji huwa barafu. Na digrii 23 si baridi kwetu. Ni usiku wa kawaida wa wakati wa kusi.

Kwa nini apoe upesi hivyo? Wanafunzi, jaribuni jambo hili shuleni. Chemsheni maji, jazeni sufuria kubwa na kikombe kidogo, kisha vipimeni kwa kipimajoto baada ya nusu saa. Mtaona kikombe kimepoa zamani, na sufuria bado ina moto. Kitu kidogo kina ngozi nyingi kuliko nyama, na joto hutokea ngozini. Tena kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake, na kikiwa wazi hupoteza joto jingi. Basi mtoto wa kilo tatu ni kikombe. Na yule aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, ambaye watu humwita njiti, ni kijiko.

Mtoto mchanga hajui kutetemeka kama sisi. Mungu amempa akiba nyingine: mafuta ya rangi ya kahawia, yaliyowekwa kati ya mabega, shingoni na karibu na mafigo. Mtoto akisikia baridi mafuta hayo huwaka polepole, akapata joto. Lakini hakuna moto usiokula kuni. Mafuta hayo yakiwaka hula sukari ya damu, na hula hewa safi aliyovuta mtoto. Mtoto mwenye baridi huonekana ametulia, kumbe ndani anafanya kazi kama mtu apandaye mnazi. Sukari ikipungua hulegea, akilegea hawezi kunyonya, na asiponyonya hapati kuni nyingine. Hapo ndipo mauti huingia. Na njiti hana hata mafuta hayo ya kutosha, kwa kuwa huwekwa mwilini katika miezi ya mwisho ya mimba.

Kitu cha kwanza kuumia ni ubongo. Mtoto mchanga akiwa ametulia, zaidi ya nusu ya nguvu zote za mwili wake hutumiwa na ubongo, na nguvu hizo huletwa na damu. Huko Upare, ambako baadhi ya vijito viingiavyo mto Pangani vina asili yake, wakulima tangu zamani wamejenga ndiva, yaani mabwawa madogo. Maji hukusanyika usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa kwa kiasi, mfereji usikauke wala usibomoke. Mishipa ya ubongo wa mtu mzima ina milango ya namna hiyo: nguvu ya damu ikipanda au ikishuka, ubongo hupata damu ileile. Mtoto aliyezaliwa miezi miwili au mitatu kabla ya wakati milango yake haijakamilika. Damu ikija kwa nguvu huingia kwa nguvu, ikipungua ubongo hukosa. Nayo mishipa yake katikati ya ubongo ni myororo mno. Ikivutwa huku na huku hupasuka, na damu humwagika ndani. Damu hiyo humwagika zaidi katika siku tatu za kwanza. Ndiyo sababu wakunga hutaka mtoto wa namna hiyo aguswe kwa upole, asipinduliwe ovyo, na joto lake lisiyumbe.

Hapa msikilizaji mwerevu aweza kutupinga. Atasema, mbona tumesikia kwamba katika hospitali kubwa za ng'ambo madaktari huwapoza watoto kwa makusudi? Amesikia kweli. Mtoto aliyetimiza miezi yake, lakini akakosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo wake huendelea kuharibika kwa siku kadhaa baadaye. Katika mwaka 2005 uchunguzi wa Marekani ulionyesha kwamba mtoto wa namna hiyo akipozwa hata digrii 33 na nusu kwa saa 72, uharibifu hupungua. Basi watu wakauliza, je, dawa hiyo yafaa na kwetu? Kampala, katika hospitali ya Mulago, watoto 36 waliingizwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008. Waliopozwa walikuwa 21, wakafa 7. Wasiopozwa walikuwa 15, akafa 1. Watoto 36 ni wachache mno kwa kutoa hukumu, nasi hatuitoi. Lakini mwaka 2021 ulitangazwa uchunguzi mkubwa zaidi wa Bara Hindi, Bangladesh na Sri Lanka, wenye watoto 408, na huko katika kila mia waliopozwa walikufa 42, na katika kila mia wasiopozwa walikufa 31. Kwa hiyo mtu asije akamtia mtoto maji baridi kwa kuwa amesikia habari za ng'ambo. Twaona ni vema kwamba mambo haya yalipimwa katika hospitali za nchi zetu na za nchi zinazofanana nazo. Laiti yangalipokewa kwa kusikia tu, madhara yangalikuwa makubwa.

Tuje sasa kwenye uchunguzi uliotufurahisha kupita wote, nao sehemu yake ulifanywa Dar es Salaam. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona shida ya hospitali yake: njiti walikuwa wengi, mashine za kuwatia joto chache, na watoto wawili watatu wakilazwa ndani ya mashine moja na kuambukizana. Akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu, mnyama wa Australia, amwekavyo mtoto wake mfukoni. Njia hiyo ikaenea duniani. Lakini kwa muda mrefu hospitali zilifuata desturi hii: kwanza njiti alazwe katika mashine mpaka apate nafuu na kutulia, kisha ndipo apewe mama yake. Wengi hawakuifikia siku hiyo ya kutulia.

Wachunguzi wakauliza: je, kama mtoto angewekwa kifuani mara tu azaliwapo, kabla ya kutulia? Kati ya mwaka 2017 na 2020 swali hilo liliulizwa katika hospitali tano: moja ya Ghana, moja ya Bara Hindi, moja ya Malawi, moja ya Nigeria, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Watoto walikuwa 3,211, wenye uzito wa kilo moja hata karibu kilo moja na gramu 800. Nusu walipata desturi ya zamani. Nusu waliwekwa kifuani mwa mama, au cha ndugu yake, tangu saa za kwanza, nao walikaa hapo karibu saa 17 kila siku. Katika siku 28 za kwanza, kati ya kila mia wa desturi ya zamani walikufa karibu 16. Kati ya kila mia waliowekwa kifuani mapema walikufa 12. Tofauti hiyo ilikuwa dhahiri hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwani haikuwa haki kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hiyo ifuatwe kila mahali.

Fikirini, wasikilizaji. Watoto wanne katika kila mia, wala si kwa mashine ya fedha nyingi. Ni kwa kifua cha mwanamke na kitambaa cha kumfungia mtoto.

Tena joto si yote yaliyopatikana. Watoto wale wa kifuani walipatwa na maambukizo machache kuliko wenzao. Wachunguzi hulieleza hivi: mtoto akikaa kwa mama hukutana kwanza na vijidudu vya ngozi ya mama, ambavyo mwili wa mama umekwisha kuvizoea na kuviwekea kinga, wala si vile vikali vya hospitali. Na kinga hiyo mtoto hupewa kwa njia mbili. Sehemu moja hupita katika kondo angali tumboni. Nyingine huja katika maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano yaitwayo dang'a, ambayo wengine hadi leo huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa humpa mwanawe askari wa kupigana na virusi vya surua. Askari hao ni wa kuazimwa, hupungua mwezi hata mwezi. Hiyo ndiyo sababu hapa Tanzania chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na mara ya pili miezi 18. Ikitolewa mapema mno, askari wa mama huiua chanjo kabla haijamfundisha mtoto kutengeneza wake mwenyewe.

Lazima tuseme neno juu ya kuoga, na twalisema kwa heshima mbele ya bibi zetu waliotulea. Katika nyumba nyingi mtoto akizaliwa huogeshwa papo hapo, apate kuwa safi kabla ya kuonyeshwa baba yake. Utando ule mweupe ulio juu ya ngozi yake husuguliwa mpaka uishe. Mabingwa wa sasa hushauri kuoga kungoje saa 24, na ikiwa desturi haikubali, basi angalau saa sita. Mtoto afutwe vizuri kwa kitambaa kikavu, kitambaa kilicholowa kiondolewe, avikwe kofia, awekwe kifuani mwa mama, wote wawili wafunikwe kanga kavu. Utando mweupe uachwe. Ni nguo yake ya kwanza, nao hulinda ngozi. Desturi yetu nyingine, ya mama na mtoto kukaa ndani siku arobaini, twaisifu, kwa kuwa huwaepusha na upepo na wageni wenye mafua. Lakini jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa madirisha. Moshi wake usioonekana umeua watu wazima, sembuse mtoto.

Wala mtoto asizidishiwe joto, akafungwa mablanketi matatu adhuhuri ya Januari. Kipimajoto kikionyesha kati ya 36 na nusu na 37 na nusu, hali ni njema. Kikizidi hapo, na mtoto hakufunikwa kupita kiasi, apelekwe kwa mganga upesi. Wengi hawajui kwamba hata mtoto mwenye maambukizo makali aweza kuwa baridi badala ya kuwa na homa. Asiye na kipimajoto na ashike nyayo za mtoto, kisha tumbo lake. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, ameanza kupoa. Tumbo nalo likiwa baridi, hatari imefika.

Limebaki jambo la safari. Mwanamke wa Ushongo akijifungua njiti nyumbani, hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya mto. Njia yake ni ya kwenda Bweni, kisha kuuvuka mto, mahali ambapo upepo wa bahari huvuma bila kizuizi. Hapo watoto wengi hupoa, wakiwa wamelazwa ndani ya kikapu au mikononi mwa shangazi, wamefungwa nguo nyingi lakini bila mwili wa mtu wa kuwatia joto. Nguo haifanyi joto. Hulizuia tu lile lililopo, na kijiko kilichokwisha kupoa hakipati moto kwa kufunikwa. Mtoto avuliwe yote ila nepi na kofia, asimamishwe kati ya maziwa ya mama, kichwa kikielekea upande mmoja ili pua ipate hewa, miguu ikunjwe kama ya chura, kisha kanga ipitishwe mgongoni mwa mama na kukazwa mpaka chini ya sikio la mtoto. Juu yake lije shuka au koti. Ikiwa mama ametokwa na damu nyingi au hana nguvu, baba avue shati amchukue yeye. Kifua cha mwanamume kina joto lilelile. Njiani anyonyeshwe kila akiweza, au akamuliwe maziwa kidogo kidogo kwa kijiko safi. Na wakifika hospitali wasiharakishe kumfungua mlangoni. Na wangoje mpaka mkunga awe tayari na kipimajoto chake, ndipo kanga ilegezwe.